Stika ya Mia Sita Hamsini

Alhamisi ambayo Sandra Athieno alikosekana, mtu wa kwanza kujua alikuwa mteja. Alikuwa ametoka Nabuyoga kuja Tororo kuchukua video ya mazishi ya mama yake. Alibisha mlango wa studio, akasubiri, akabisha tena. Simu ya Sandra iliita ndani mpaka ikakata. Kisha mteja akaona moshi mweusi ukitoka chini ya mlango, si mwingi, ukitambaa sakafuni kama maji ya kufulia.

Majirani walivunja mlango kwa nyundo ya fundi wa matairi. Chumba kilikuwa kidogo. Dirisha lake moja lilikuwa na nondo, na kuta zote zilibandikwa sponji ya godoro ili kelele za barabarani zisiingie wakati wa kurekodi. Kompyuta ilikuwa chini ya meza, karibu na mlango. Sandra alikuwa upande wa pili, chini ya dirisha, hedifoni zikiwa bado shingoni. Moto wenyewe haukumfikia. Moshi wa sponji ulitosha.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza video za harusi na mazishi, na katika zile za mazishi alisoma mwenyewe majina ya walioachwa na marehemu, jina moja moja, bila haraka. Jina likimshinda, alimpigia simu mwenye msiba aulize linavyotamkwa. Alikunywa chai bila sukari, akamcheka kila aliyeshangaa. Siku hizi video za mazishi za Tororo hazisomwi majina. Wanaweka wimbo.

Alizikwa kwao Mwello siku ya Jumamosi. Jumapili polisi walimkamata Vincent Odwori, fundi wa kompyuta wa Busia aliyehudumia mashine ya Sandra, muda mfupi kabla vijana waliotoka mazishini hawajafika dukani kwake na petroli. Jumatatu asubuhi faili likawa mezani kwa Sajini Benedeta Mugeni wa upelelezi, na kaka wa marehemu akawa mbele ya meza hiyo.

"Kaa, Bwana Ofwono."

"Sijakuja kukaa. Nimekuja kuona kama umeandika mauaji kwa hiyo faili."

"Bado naandika ushahidi."

"Ushahidi iko hapo mbele yako, imeungua." Ofwono alikuwa na duka la mabati na misumari mjini, na alizoea kusema huku watu wakimsikiliza. "Wewe ni Mugeni, yeye ni Odwori. Nyinyi wote ni watu ya Busia. Kule nyumbani wananiuliza, hiyo afande ni ya serikali ama ni ya ukoo?"

"Ni ya zamu," Benedeta alisema. "Leo zamu ni yangu."

Juu ya gazeti kati yao kulikuwa na pawa saplai iliyotolewa kwenye kompyuta ya Sandra, lile sanduku la chuma linalokaa nyuma ya mashine na kupokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Lilikuwa limegeuka jeusi. Upande mmoja, ambao ulikuwa umeegemea kasha la kompyuta, stika ilikuwa imesalia nusu, na nusu hiyo ilisomeka vizuri: wati mia sita hamsini. Chini yake kulikuwa na ripoti ya mkaguzi wa umeme. Mkaguzi aliandika kwamba moto ulianzia ndani ya sanduku hilo, na kwamba vipuri vyake vilikuwa vya sanduku la wati mia tatu tu, haidhuru stika ilisema nini.

"Alibandika uongo," Ofwono alisema. "Alikuja kwetu na wajomba zake kuomba dada yangu. Tukawafukuza kwenye geti. Unajua alisema nini akiondoka? Alisema, 'Mtanikumbuka.' Watu walisikia. Sasa tunamkumbuka."

"Akina nani walisikia?"

"Hata mbwa yangu alisikia. Andika mbwa."

Benedeta aliandika neno lile, mtanikumbuka. Lilikuwa neno zito. Kama Vincent alibandika stika hiyo akijua kilichomo, yalikuwa mauaji, na adhabu yake ni maisha gerezani au kitanzi. Kama hakujua, lilikuwa shtaka jingine kabisa. Sheria haikumruhusu kumweka mahabusu zaidi ya saa arobaini na nane bila kumfikisha kortini. Kesho asubuhi ilikuwa lazima asomewe moja au jingine.

Ofwono alipotoka, aliuacha mlango wazi makusudi.

Benedeta alilinyanyua sanduku kwa mkono mmoja. Lilikuwa jepesi kama mkebe wa biskuti. Aliangalia picha za kasha zilizopigwa siku ya moto. Mahali pa skrubu nne palikuwa na mbili. Kwenye sanduku lenyewe, nyaya zilizonusurika zilikuwa zimekusanywa vizuri na kufungwa kwa kitu cheusi. Alikata kipande kwa wembe, akakipeleka dirishani. Kilikuwa uzi wa kusukia nywele. Alikitia kwenye bahasha.

*

Vincent aliletwa amefungwa pingu mbele. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Alikuwa na miaka kama thelathini, na alimtazama Benedeta kama mteja aliyechelewa kurudisha kitu.

"Nieleze ulivyochagua pawa saplai ya Sandra."

"Utaelewa?"

"Jaribu."

Aliinua vidole, pingu zikalia. "Unahesabu walaji wa umeme. Kadi ya picha yake, ile inayochora video, inakula mia mbili ishirini. Prosesa, ubongo wa mashine, mia moja ishirini na tano. Feni, diski, takataka zingine, weka hamsini. Umefika karibu mia nne. Sasa mjinga ananunua ya mia nne. Kazi ikipanda kidogo, kadi inaruka, mashine inazima. Mwoga naye ananunua ya elfu moja ikae bure. Mimi nataka mzigo wake wa kila siku uwe kama nusu ya sanduku, kazi ikipanda ufike robo tatu hivi. Hiyo ni mia sita hamsini. Hata mwalimu yako angekwambia."

"Mwalimu wangu alifundisha dini."

"Inaonekana."

"Na ile ya zamani?"

"Ilichoka. Kila akitoa video ndefu, inazima, anaanza upya. Na video ya mazishi ya Tororo ni ndefu, afande. Hawa watu wanazika kwa hotuba."

"Ulimwambia Ofwono kwamba watakukumbuka."

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha nitakuwa na pesa na watakuja kwangu na kofia mkononi. Watu wakifukuzwa kwa geti wanasema nini huko kwenu? Asante?"

Benedeta aligeuza ukurasa. "Nani alifunga sanduku hilo kwenye mashine?"

"Mimi." Lilitoka haraka kuliko majibu mengine yote.

"Lini?"

"Jumanne."

"Wapi?"

"Kwa duka yake. Ningefungia wapi, kanisani?"

"Nyaya ulifunga kwa kitu gani?"

"Tai za plastiki. Kama kila fundi."

Aliandika: tai za plastiki. Bahasha ilikuwa mfukoni mwake, na aliiacha humo.

"Ulinunua wapi?"

"Ng'ambo. Kwa Maggie. Huyo hauzi feki. Ukimwambia anauza feki, ubebe kichwa yako vizuri."

*

Benedeta alivuka mpaka wa Busia kwa miguu, akiwa na sketi na blauzi ya kawaida. Duka la Maggie lilikuwa upande wa Kenya, kwenye safu ya maduka ya simu na redio. Maggie alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alikitazama kitambulisho kilichowekwa kaunta, akakisukuma kirudi kwa kidole.

"Hii inafanya kazi pale ng'ambo. Hapa wewe ni customer tu. Unanunua ama unazuia hewa?"

"Nataka kuuliza habari ya pawa saplai ya wati mia sita hamsini."

"Mali yangu ni safi."

"Sijasema ni chafu."

"Macho yako yamesema tangu mlangoni."

"Basi niuzie moja ya mia tatu," Benedeta alisema. "Na unionyeshe ya mia sita hamsini bila kununua."

Hapo Maggie akawa muuzaji. Aliyafungua maboksi mawili, akayaweka masanduku mawili ya chuma kwenye kaunta. Umbo lilikuwa moja, ukubwa mmoja, rangi moja ya kijivu. Kama si stika, yangekuwa mapacha.

"Beba."

Benedeta alibeba la kwanza, kisha la pili. La kwanza lilivuta mkono chini.

"Hiyo ndiyo mia sita hamsini. Sasa ona mikia." Maggie alizifumua nyaya. "Hii kubwa ina mikia miwili ya kadi ya picha, hii yenye matundu manane. Hii ndogo haina. Ni ya ofisi, ya mtu wa kuandika barua na kucheza karata. Mtu akitaka kadi kubwa itumie umeme wa hii ndogo, lazima achukue mkia wa kitu kingine aunge na kiungo. Na akiunga, Mungu amsaidie. Kubwa ikizidiwa, inajizima. Hii ndogo haina kinga. Inavumilia, inavumilia, inaungua."

"Vincent Odwori alichukua ipi?"

"Zote mbili. Alipiga simu. Kubwa ya msichana wa video, ndogo ya mama mmoja wa samaki huko Majanji. Ojulong wa kuvusha mizigo ndiye alikuja kubeba."

"Zilitoka hapa na stika?"

Maggie alicheka kwa mara ya kwanza, na hakikuwa kicheko cha urafiki. "Hapa zilitoka na nguo zote, boksi, nailoni, stika. Za nje muulize Ojulong. Yeye ndiye huwa anavua."

*

Ojulong alikuwa karibu na hapo, kwenye maegesho ya baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono na watu ambao miguu yao haifanyi kazi. Yake ilikuwa na sanduku kubwa nyuma. Alikuwa na mabega ya mpiga mieleka. Alimwona Benedeta akija, akaanza kugeuza gurudumu.

"Simama, Ojulong."

"Mimi nasimama na nini, afande? Niazime mguu." Wenzake wakacheka. "Uliza haraka. Nakwenda."

"Nionyeshe unavyovua."

Kicheko kilikoma. Ojulong aliwatazama wenzake, akatema mate pembeni. "Nani alikutuma? Maggie?"

"Kuna msichana amekufa Tororo."

"Nilisikia. Mimi sijaua mtu."

"Basi onyesha."

Ojulong alimwita muuza chai, akachukua kikombe cha bati chenye chai ya moto. Kutoka kwenye mzigo alitoa betri ya pikipiki, mpya, akaweka kitako cha kikombe juu ya stika yake. Alisubiri. Gundi ilipolegea, aliinua pembe kwa ukucha na kuivuta stika taratibu, ikatoka nzima. Akakunja mkono wa shati na kuibandika kwenye ngozi, chini ya kiwiko.

"Kitu mpya inalipa ushuru," alisema. "Kitu ya zamani ya mtu mlemavu, watu ya forodha wanatazama upande ingine. Kwa hiyo navua hapa, navalisha kule. Boksi inakuja kesho imekunjwa. Mpaka yote inajua. Hata wewe, hiyo simu yako ulinunua na boksi?"

Benedeta aliisukuma simu yake ndani zaidi ya mfuko.

"Siku ile ulivua pawa saplai mbili."

"Ndiyo. Stika ya kubwa mkono ya kulia, ya ndogo mkono ya kushoto. Sikosei mkono."

"Na vyuma vyenyewe?"

"Kwa gunia, kimoja juu, kimoja chini. Nikafika kule, mvua ikanyesha. Nikamwaga kila kitu chini ya baraza nisilowe. Halafu nikavalisha."

"Ulijuaje chuma gani ni kipi?"

"Cha juu kilikuwa kubwa."

"Kabla ya kumwaga gunia."

Ojulong aliangalia mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto.

"Hukusoma?"

"Mimi naweza kusoma!" alifoka. "Nimefika darasa la saba. Lakini chuma ikiwa uchi, utasoma nini?"

"Hukuona moja ni nzito?"

"Nabeba saruji, afande. Nabeba mchele. Kwa mimi hizo zote ni mkate."

"Kubwa ulimpa nani?"

"Ile yenye stika ya kubwa nilipa mtu ya pikipiki, akaenda moja kwa moja Tororo, kwa msichana. Ingine ikapanda gari ya samaki, Majanji."

"Haikupitia kwa Vincent?"

"Kwa nini ipitie? Alisema peleka Tororo. Na akasema kama kila siku: 'Ojulong, valisha vizuri.'"

*

Ofisi ya Damalie ilikuwa chumba cha mbao karibu na ufuo wa Majanji, na nje yake wanawake walikuwa wakigeuza dagaa kwenye nyavu. Damalie alinunua samaki wa wavuvi na kuwasafirisha mjini. Kompyuta yake ilikuwa juu ya kreti, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Aliposikia kwamba Benedeta anataka kuifungua, alikaa mbele yake kwa mwili wote.

"Mnaua mtu Tororo, mnakuja kuzima kompyuta Majanji?"

"Nachukua sanduku moja tu, mama."

"Na mimi nitapokea oda na nini? Na mdomo?"

"Nani alikufungia hili sanduku?"

"Fundi ya jokofu. Alikuwa hapa anatengeneza barafu, nikamwambia, wewe si unajua nyaya? Akafunga. Inafanya kazi kuliko zote, haina hata joto. Sasa ndiyo mnaitaka."

Benedeta alilegeza skrubu mwenyewe. Stika ilisema mia tatu. Alipolitoa sanduku, lilivuta mkono wake chini kama lile la kaunta ya Maggie. Ndani ya kasha, nyuma ya diski, fundi wa jokofu alikuwa amekunja nyaya zisizohitajika na kuzifunga kwa tepu. Ilikuwa mikia miwili ya kadi ya picha, yenye matundu manane. Haikuwa imechomekwa popote, kwa sababu mashine ya Damalie haikuwa na kadi.

Aliandika maelezo, Damalie akatia sahihi kwa hasira hadi karatasi ikatoboka.

Njiani kurudi Tororo, Benedeta aliyapanga. Mtu anayetaka kuua kwa kubandika stika ya uongo hahitaji kununua sanduku zuri. Vincent alilinunua. Na kama alitaka kuiba tofauti ya bei, sanduku zuri lingeuzwa upya au lingekaa dukani kwake. Halikukaa. Lilikwenda kwa mnunuzi wa samaki aliyelipia dogo, na likafungwa na mtu asiyejua alichoshika. Hakuna aliyefaidika. Stika zilibadilishana miili chini ya baraza, kwenye mvua, mkononi mwa Ojulong. Shtaka la mauaji lilikuwa limekufa.

Lakini bado kulikuwa na uzi mfukoni.

*

Aliomba chai ya moto kwenye kantini ya kituo. Kwa kitako cha kikombe alizitoa stika zote mbili, ya sanduku la Majanji na ya lile alilolinunua kwa Maggie. Aliyaweka masanduku mezani yakiwa uchi, nyaya zimefunikwa kwa gazeti. Vincent akaletwa.

"Kubwa ni lipi?"

"Huu ni mchezo gani?"

"Shika useme."

Vincent aliinua la kushoto kwa mikono yake yenye pingu, akalirudisha. La kulia hakuligusa hata. "Hili. Hilo lingine ni la ofisi."

"Imekuchukua muda gani?"

"Muda gani? Mimi ni fundi."

"Sawa," Benedeta alisema. "Basi Jumanne, ulipofunga la Sandra, mikono yako ilikuwa wapi?"

Vincent aliyatazama masanduku.

"Lile lililoungua ni la mia tatu," Benedeta alisema. "Ojulong alikosea kuvalisha. Lako zuri limetoka Majanji, ndilo ulilolishika sasa hivi. Kwa hiyo siulizi nani alibandika. Nauliza nani alifunga. Skrubu mbili badala ya nne. Na hii si tai ya plastiki." Aliweka uzi mweusi mezani.

Hakuugusa.

"Alikuwa amesukwa Jumatatu," Vincent alisema. "Uzi ulibaki."

"Kwa hiyo ulijua alifunga na nini."

"Aliniambia. Alifunga mwenyewe. Mimi nilikuwa kwa simu."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Aliahidi mama yake kwamba haongei na mimi tena. Wamemzika juzi. Nilitaka nini, waanze kumtukana kaburini?"

"Na wewe mwenyewe je? Ulikuwa unajilinda pia."

"Andika unavyotaka."

"Kwa nini hukwenda Tororo?"

"Ofwono alisema mbele ya mtaa mzima kwamba nikionekana kwa hiyo duka atanivunja miguu, halafu atanifunga kwa geti kama mbuzi. Uliza mtu yeyote. Uliza hata fundi ya matairi."

Benedeta aliandika. "Ulimwambia nini kwa simu?"

"Nilimwambia asome stika. Akasoma. Mia sita hamsini. Nikamwambia, hiyo ndiyo, funga."

"Halafu?"

"Halafu akafunga."

"Vincent."

Aliinama. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa na kejeli. "Akaniuliza, Odwori, mbona hakuna mkia wa kadi."

Benedeta aliliandika swali hilo neno kwa neno.

"Nilikuwa na mteja mbele yangu, ananipigia kelele. Nikamwambia, kwa ile ya zamani kuna kiungo, kitoe, unga hapo. Akaunga. Ikawaka. Akacheka. Akasema, 'Haizimi tena.'"

"Umewahi kuona ya mia sita hamsini isiyo na mkia wa kadi?"

"Hapana."

"Ulijua mizigo yako inavuliwa stika njiani?"

"Kila mtu anajua."

"Na ulijua Ojulong alibeba mbili siku hiyo."

"Mimi ndiye niliagiza mbili."

"Basi alipokuuliza habari ya mkia, ulikuwa na kila kitu cha kukwambia kwamba limekosewa."

"Ndiyo."

"Ungemwambia nini?"

"Azime," Vincent alisema. "Azime, asiguse tena, mpaka nije."

Benedeta alimsomea maelezo yake kutoka mwanzo. Alitia sahihi bila kubadilisha kitu.

*

Jua lilikuwa halijazama wakati Ofwono alipoingia getini na wanaume saba kutoka Mwello. Gari lake la mizigo lilizuia njia ya kituo. Mlinzi wa geti aliomba lisogezwe, hakuna aliyemsikia.

"Nimeambiwa umefuta mauaji," Ofwono alisema.

"Nimefuta. Sanduku lilibadilishwa njiani kwa makosa. Aliyelibadilisha hakujua, na Vincent hakumtuma."

"Nilisema! Nilisema watu ya Busia watabebana!" Aliwageukia wenzake, nao wakanguruma. "Kwa hiyo anarudi nyumbani kula chakula?"

"Anakwenda kortini. Kusababisha kifo kwa uzembe. Dada yako alimwonyesha dalili, na hakuisikiliza."

"Dada yangu alimwonyesha wapi? Dada yangu haongei na huyo mtu."

"Aliongea naye Jumanne. Alikuwa na simu sikioni na bisibisi mkononi. Alifunga lile sanduku mwenyewe, Bwana Ofwono. Fundi yeyote angelishika tu angejua. Fundi hakulishika."

"Uongo."

"Alifunga nyaya kwa uzi wake wa nywele. Nimeukata mwenyewe."

Mmoja wa wanaume, mzee mwenye fimbo, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, "Sasa kwa nini huyo fundi hakukuja mwenyewe? Tororo ni mbali?"

"Si mbali," Benedeta alisema.

Mzee alimgeukia Ofwono. Na wengine pia, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wote walikuwa mtaani siku ile Ofwono alipotishia kuvunja miguu, na wengine walicheka.

"Mnaniangalia nini?" Ofwono alisema. "Hiyo si swali. Mimi nilikuwa nalinda nyumba yangu."

"Ni swali," Benedeta alisema. "Mwanasheria wa serikali atakuuliza, na utakuwa umeapa."

Alimpa karatasi ya wito. Ofwono aliweka mikono nyuma. Benedeta akaiweka kwenye boneti ya gari lake, akaweka jiwe juu ili upepo usiichukue, akarudi ndani kumalizia faili.

Kesho asubuhi Vincent Odwori atasomewa shtaka katika korti ya Tororo. Serikali ina mashahidi watano. Wa kwanza ni Ofwono.